Kufikisha Bila Virusi: Utangulizi wa Usafirishaji wa Zana za Kuhariri Jeni

Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba protini ya bakteria iitwayo Cas9, ikiambatanishwa na kipande kifupi cha RNA cha kuielekeza, hutafuta mahali palipochaguliwa kwenye DNA na kukata papo hapo. Mwaka 2020 wakatunukiwa Nobel ya Kemia. Tangu wakati huo habari nyingi za uhariri wa jeni zilizowafikia wasomaji wa Kiswahili zimekuwa habari za ukataji: nani anakata nini, na je, ni halali kukata. Swali ninalokukaribisha kulichunguza linatangulia hilo. Protini hiyo inaingiaje ndani ya seli za mtu aliye hai? Inafikaje kwenye ini lenye hitilafu bila kuchujwa na figo au kumezwa na askari wa mwili? Na ikishamaliza kazi, inaondokaje?

Taaluma inayojibu maswali haya ni changa kiasi kwamba wengi wa waliochangia misingi yake bado wako kazini, na ni pana kiasi kwamba mwanakemia, mhandisi, mfamasia na daktari wa watoto wote wana nafasi ndani yake. Namwandikia hasa mwanafunzi aliyeisoma seli akiwa sekondari na bado anakumbuka kiini kiko wapi na ribosomi hufanya nini. Namwandikia pia muuguzi wa kliniki ya selimundu, ambaye kila wiki huulizwa na wazazi kama ile dawa mpya ya Ulaya na Marekani itafika lini. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kwa magonjwa mengi ya kurithi ambayo chanzo chake ni kosa moja kwenye jeni, kazi ya kukata au kusahihisha imeshawezekana maabara. Kinachoamua nani atapona na nani ataendelea kusubiri ni usafirishaji. Na kati ya njia zote za usafirishaji, zile zisizotumia virusi ndizo ninazoamini zinaweza siku moja kufika kwenye hospitali ya mkoa.

Tuanze na ugumu wenyewe. Cas9 inayotumika zaidi, ile iliyotoka kwa bakteria wa aina ya Streptococcus pyogenes, imeundwa kwa asidi amino 1,368. Kwa kipimo cha molekuli hilo ni jitu. RNA inayoiongoza ina chaji hasi kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Mbele yao kuna utando wa seli, ukuta wa mafuta wenye unene wa nanomita chache tu, ambao kwa mabilioni ya miaka umekuwa ukizuia vitu vya namna hiyo visipite. Kabla hata ya kuufikia utando huo kuna safari ya damu. Damu ina vimeng'enya vinavyoikatakata RNA iliyo uchi kwa muda mfupi sana, na kinga ya mwili huichukulia RNA ngeni kama dalili ya maambukizi. Ina haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa virusi vingi huingia mwilini vikiwa vimebeba RNA. Katalin Karikó na Drew Weissman walipoonyesha mwaka 2005 kwamba kubadilisha kidogo herufi mojawapo ya RNA kunapunguza ghasia hiyo ya kinga, waliondoa kikwazo kimoja kikubwa, na Nobel ya Tiba ya mwaka 2023 ikawa yao. Lakini kuituliza kinga hakuisaidii RNA kuvuka utando.

Virusi hujua kuvuka. Ndiyo maana watafiti wa tiba ya jeni waliviendea kwanza, na sitaki msomaji adhani ninavidharau. Kirusi kidogo kiitwacho AAV, kikishaondolewa jeni zake na kupakiwa jeni ya tiba, kimerudisha uwezo wa kuona kwa watu waliozaliwa na aina fulani ya upofu, na kimewawezesha watoto wenye ugonjwa hatari wa kudhoofika misuli kuishi na kukaa wenyewe. Hayo ni mafanikio makubwa. Tatizo linaanza pale mzigo unapokuwa zana ya kuhariri. AAV hubeba takriban herufi 4,700 za DNA na si zaidi ya hapo. Jeni ya Cas9 peke yake inamaliza zaidi ya 4,100. Zana mpya zinazobadilisha herufi moja bila kukata nyuzi zote mbili za DNA ni kubwa zaidi, kwa hiyo watafiti hulazimika kuzigawa katika virusi viwili na kuomba vyote viwili viingie kwenye seli ileile. Isitoshe, watu wengi tayari wana kingamwili dhidi ya AAV kwa sababu waliwahi kuambukizwa bila kujua, na yule asiye nazo huzipata baada ya dozi ya kwanza. Dozi ya pili mara nyingi haiwezekani.

Kisha kuna suala la muda, na hapa ndipo naona kiini cha hoja nzima. AAV ikishaingiza DNA yake, seli huweza kuendelea kutengeneza Cas9 kwa miezi, hata miaka. Kwa ugonjwa unaohitaji protini mpya kila siku, huo ni uzuri. Kwa uhariri ni hatari, maana kila siku ambayo Cas9 inazunguka ndani ya kiini ni nafasi nyingine ya kukata pasipotakiwa. Fundi bomba uliyemwita nyumbani hutengeneza, hulipwa, akaenda zake. AAV huleta fundi anayehamia na virago vyake. Njia zisizotumia virusi huleta protini yenyewe, au RNA mjumbe ya kuitengeneza, na vyote viwili huvunjwa na seli ndani ya siku chache. Badiliko kwenye DNA hubaki, chombo kilicholileta hutoweka. Mwanafunzi anayeanza huona kudumu kwa muda mfupi kuwa udhaifu wa njia hizi. Nakuomba ulione jambo hili kinyume chake.

Njia ya kwanza isiyotumia virusi kufikisha zana za kuhariri hospitalini ni umeme. Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenzake walizipiga seli za panya kwa mshtuko mfupi wa umeme na wakaona kwamba jeni iliyokuwa ikielea nje imeingia ndani na kufanya kazi. Ukitaka kuiona kazi hii kwa karibu, nenda kwenye maabara yoyote ya baiolojia ya molekuli. Kuna kichupa bapa cha plastiki kinachotosha kati ya vidole viwili, na ndani yake bamba mbili za alumini zilizoachana kwa milimita 2 au 4. Mtafiti anachanganya seli na Cas9 iliyokwisha kushikana na RNA yake, anadondosha mchanganyiko kati ya bamba zile, anagonga kichupa mezani kwa upole ili mapovu yatoke, anakifunika na kukisukuma kwenye mashine. Anabonyeza. Kwa muda usiofika hata nusu sekunde, tando za seli hufunguka matundu madogo mno, na chaji hasi ya RNA huvutwa na umeme kupita humo. Kisha matundu hujiziba. Juu ya maji huonekana povu jeupe, ambalo kwa kiasi fulani ni seli zilizokufa. Ikiwa chumvi ilizidi au povu la hewa lilibaki, cheche huruka na mlio mkali husikika, na sampuli hiyo imeharibika. Ikiwa yote yamekwenda sawa, mtafiti hana muda wa kusherehekea: seli zinahitaji kuhamishiwa mara moja kwenye maji yenye joto na virutubisho, la sivyo hata zilizookoka hufa.

Kwa njia hiyo ya umeme hutengenezwa Casgevy, tiba ya kwanza ya CRISPR, kama zana ya Cas9 na RNA yake inavyoitwa, kuidhinishwa duniani. Uingereza iliiruhusu tarehe 16 Novemba 2023, na Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, kwa wagonjwa wa selimundu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, hutokana na herufi moja tu iliyobadilika kwenye jeni ya himoglobini: pale palipopaswa kuwa na A pana T. Kwa badiliko hilo protini hupata mahali pa kunata, na oksijeni inapopungua molekuli hugandamana kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda seli nyekundu. Casgevy haiigusi herufi hiyo. Inavuruga sehemu ya jeni nyingine, BCL11A, ambayo baada ya kuzaliwa huizima himoglobini tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Sehemu hiyo ikivurugwa, himoglobini ya tumboni mwa mama hurudi na kuzuia nyuzi zisiundwe. Katika takwimu zilizotumiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani kuipitisha, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Aliyewahi kukaa kitandani pembeni ya mtoto aliye kwenye shambulio hilo anaelewa tarakimu hizo zina uzito gani.

Tazama sasa njia anayopita mgonjwa. Kwanza hupewa dawa ya kuzitoa seli-shina kwenye uboho ziingie kwenye damu, kisha huunganishwa na mashine inayozichuja, na zoezi hilo huenda likarudiwa. Seli husafirishwa hadi kiwandani, hupigwa umeme pamoja na Cas9, hupimwa na kugandishwa. Kazi hii huchukua miezi. Mgonjwa anarudi hospitali, anapewa tibakemikali ya kuua uboho wake wa zamani ili seli mpya zipate makazi, na hapo huenda akapoteza uwezo wa kuzaa. Hukaa wodini wiki nne hadi sita akiwa hana kinga. Bei ya tiba yenyewe Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, kabla ya kuhesabu gharama za hospitali. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni takriban 11,000 kwa mwaka. Tiba ya umeme, kwa jinsi ilivyo leo, haiwezi kuwafikia watoto hao. Inathibitisha kwamba uhariri unaponya. Haioneshi namna ya kuwaponya walio wengi.

Ndiyo sababu macho ya taaluma hii yamegeukia kwenye chembe za mafuta, zinazoweza kuchomwa kwa sindano na kufanya kazi ndani ya mwili wenyewe. Historia yake ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Katika miaka ya 1960 Alec Bangham, karibu na Cambridge, aliona kwenye hadubini ya elektroni kwamba mafuta ya aina ya fosfolipidi yakiwekwa kwenye maji hujifunga yenyewe na kuwa vifuko. Mwaka 1987 Philip Felgner na wenzake walitengeneza mafuta yenye chaji chanya yaliyoikumbatia DNA na kuiingiza kwenye seli zilizokuzwa maabara. Ndani ya mwili, mafuta yale yaliunguza: chaji chanya ya kudumu hunata kwenye kila kitu, huvuruga tando na kuiamsha kinga. Suluhisho lilipatikana polepole, na kundi la Pieter Cullis huko Vancouver lina sehemu kubwa katika hadithi hiyo. Walitafuta mafuta yanayobadili tabia kulingana na asidi ya mahali yalipo. Kwenye asidi huwa na chaji chanya na kuishika RNA. Kwenye damu, ambako asidi ni ndogo, chaji hupotea na chembe hupita kwa amani.

Chembe kamili ina aina nne za mafuta. Ya kwanza ni hayo yanayobadili chaji. Kuna kolesteroli ya kuipa uimara, kuna fosfolipidi inayosaidia kujenga umbo, na kuna mafuta yaliyovishwa mkia wa polietilini glikoli ili chembe zisigandamane. Kuzitengeneza kunapendeza kuangalia. Mafuta huyeyushwa kwenye ethanoli, RNA huwekwa kwenye maji yenye asidi kidogo, na vimiminika viwili husukumwa kwa mwendo uliopimwa hadi vikutane kwenye mfereji mwembamba wenye vizuizi vya kuvichanganya. Ethanoli inapotawanyika majini, mafuta hayana pa kukimbilia isipokuwa kujikusanya kuizunguka RNA, na papo hapo hutokea chembe zenye kipenyo cha nanomita 80 hadi 100. Badilisha kasi ya kusukuma, ukubwa nao hubadilika. Ukiwa mwanafunzi wa uhandisi na unadhani tiba ya jeni haikuhusu, anza kusoma hapa.

Fuata chembe moja sasa baada ya sindano. Kwenye damu mkia wa polietilini glikoli huanza kuchomoka, na mahali palipoachwa wazi hunata protini ya damu iitwayo apolipoprotini E, ileile inayotumika kusafirisha kolesteroli. Kuta za mishipa midogo ya ini zina matundu ambayo viungo vingine vingi havina, na seli za ini zina vipokezi vinavyoitambua apolipoprotini E. Seli huivuta chembe ndani ikiamini imepata mafuta ya chakula. Chembe sasa imo ndani ya kifuko kilichokatika kutoka kwenye utando, na kifuko hicho kiko njiani kupelekwa kwenye jaa la seli, ambako kila kitu huyeyushwa. Seli hutia asidi ndani ya kifuko ili kuanza kazi hiyo. Asidi hiyohiyo ndiyo inayoyarudishia mafuta yetu chaji chanya. Hushikana na mafuta yenye chaji hasi ya ukuta wa kifuko, umbo lao la pia huuvuruga mpangilio wa ukuta, na unapopasuka RNA hutoka kwenye ute wa seli. Ribosomi huisoma, Cas9 hutengenezwa, hushikana na RNA elekezi, na kwa alama iliyopachikwa mwishoni mwake hupokelewa kwenye malango ya kiini.

Nimeieleza kana kwamba hufaulu kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia RNA fupi ndani ya chembe za namna hii, ulikuta kwamba ni asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA iliyomezwa na seli iliyofanikiwa kutoka kwenye vifuko. Nyingine zote ziliharibiwa au zilitemwa nje. Tafakari maana yake kwa dozi: karibu mafuta yote tunayompa mgonjwa ni mzigo ambao ini linapaswa kuusafisha, na sumu ya tiba hizi inatokana kwa sehemu na wingi huo. Mtu atakayeipandisha asilimia hiyo hadi 10 bila kuumiza seli atakuwa amebadilisha tiba kuliko mvumbuzi wa kimeng'enya kipya cha kukata. Kama ningekuwa naanza shahada ya uzamili leo, hapo ndipo ningeelekea.

Pamoja na upungufu huo, matokeo yamepatikana. Dawa ya kwanza ya RNA iliyobebwa na chembe za mafuta, patisirani, iliidhinishwa mwaka 2018 kwa ugonjwa ambamo protini ya ini iitwayo transithiretini hujikunja vibaya na kurundikana kwenye neva na moyo. Ilinyamazisha jeni kwa muda, kwa hiyo mgonjwa alihitaji dripu kila wiki tatu. Mwaka 2021 watafiti wa London na New Zealand walichapisha matokeo ya wagonjwa sita wa ugonjwa huohuo waliopewa chembe za mafuta zenye RNA mjumbe ya Cas9. Dripu moja tu. Kwa watatu waliopata dozi kubwa zaidi, miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito, protini ile kwenye damu ilishuka kwa wastani wa asilimia 87 ilipofika siku ya 28. Ilikuwa mara ya kwanza kwa CRISPR kudungwa kwenye mshipa wa binadamu, na ikaenda ilikotumwa.

Kisha ikaja habari ya Mei 2025 kutoka hospitali ya watoto ya Philadelphia. Mtoto mchanga alizaliwa ini lake likiwa halina kimeng'enya cha CPS1, kinachosaidia kuondoa amonia inayotokana na protini za chakula. Amonia hiyo huua ubongo, na watoto wengi wenye ugonjwa huu kwa namna yake kali hufa mapema. Kiran Musunuru, Rebecca Ahrens-Nicklas na wenzao walitengeneza zana ya kusahihisha herufi ileile iliyokosewa kwa mtoto huyo peke yake, wakaipakia kwenye chembe za mafuta, na kwa takriban miezi sita walikuwa wametoka kwenye utambuzi wa ugonjwa hadi dozi ya kwanza. Magazeti yalisifu kasi, na kweli inastahili sifa. Mimi niliposoma ripoti nilikwama kwenye jambo lililotajwa kwa maneno machache: mtoto alipewa dozi tatu. Walianza na ndogo, wakaangalia, wakaongeza. Kwa AAV hilo lisingewezekana, kwa sababu dozi ya kwanza ingeamsha kingamwili za kuzuia ya pili. Daktari aliweza kufanya anachofanya kila siku kwa dawa nyingine zote, yaani kurekebisha dozi kulingana na mgonjwa. Mtoto akaanza kustahimili protini zaidi katika chakula, na dawa ya kupunguza amonia ikapunguzwa.

Msomaji makini ameshaona kwamba mifano yote miwili ni ya ini. Hiyo ndiyo changamoto inayoisumbua taaluma nzima. Ini hupokea chembe kwa hiari. Viungo vingine havipokei. Mwaka 2020 kundi la Daniel Siegwart huko Dallas lilionyesha kwa panya kwamba kuongeza aina ya tano ya mafuta huelekeza chembe kwingine: mafuta yenye chaji chanya ya kudumu huzipeleka kwenye mapafu, yenye chaji hasi huzipeleka kwenye wengu. Wengine huvisha chembe kingamwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulizifunika kwa kingamwili inayoshika alama ya CD117 iliyo juu ya seli-shina za damu, na kwa panya RNA ikafika kwenye uboho kwa sindano ya mshipani. Kundi la mtafiti David Liu nalo limetengeneza magamba yenye umbo la kirusi yaliyobeba protini pamoja na RNA yake elekezi, bila chembe ya jeni ya kirusi ndani yake. Wanazuoni hubishana kama hayo ni virusi au si virusi. Kwa mgonjwa, la maana ni kwamba hakuna DNA inayobaki.

Hatari nazo zipo, na anayeingia kwenye taaluma hii azijue mapema. Aprili 2024 kampuni ya Verve ilisimamisha kuandikisha watu kwenye jaribio lake la kupunguza kolesteroli baada ya mshiriki mmoja kuonekana na vimeng'enya vya ini vilivyopanda na chembe sahani zilizopungua. Kampuni iliona kwamba chanzo kinachoelekea ni mafuta yaliyobeba zana, wala si zana yenyewe, ikahamia kwenye chembe za mchanganyiko mwingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kibebaji si kifungashio cha kutupwa. Ni dawa, kina sumu yake, na kinapaswa kusomwa kwa uzito uleule tunaoupa jeni.

Juu ya mimea nitapita haraka, ingawa ndiko Afrika Mashariki ilikokwenda mbali zaidi kwa mikono yake. Kwenye maabara za taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, Nairobi, Leena Tripathi na wenzake walitumia CRISPR kuharibu DNA ya kirusi cha michirizi iliyojificha ndani ya jeni za ndizi ya Gonja Manjaya, DNA ambayo huamka mmea unapopata shida kama ukame. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, na robo tatu ya mimea iliyohaririwa haikuonyesha dalili ilipokoseshwa maji. Zana ziliingizwa kwa Agrobakteria, bakteria wa udongo mwenye kipawa cha kupenyeza DNA yake kwenye mimea. Nayo ni njia isiyotumia virusi, ila huacha DNA ngeni ndani ya mmea, na kwa ndizi isiyozaa mbegu ni vigumu kuiondoa kwa kuchavusha na mimea mingine. Kupeleka protini moja kwa moja kungeondoa tatizo hilo.

Narudi kwa muuguzi wa kliniki ya selimundu. Oktoba 2019 taasisi za taifa za afya za Marekani na wakfu wa Gates zilitangaza kutenga angalau dola milioni 200 kwa miaka minne kutafuta tiba za jeni za selimundu na VVU zitakazotolewa ndani ya mwili na kuwezekana katika nchi za kipato cha chini, Afrika ikitajwa kwa jina. Tangu hapo sayansi imesogea, lakini panya wa CD117 si mtoto wa Temeke wala wa Kisumu. Ili sindano moja iponye selimundu, chembe lazima ziruke ini, zifike kwenye seli-shina za kutosha na ziziache zikiwa hai. Lazima pia ziweze kutunzwa. Chanjo ya Pfizer ya korona, ambayo nayo ni RNA ndani ya chembe za mafuta, mwanzoni ilihitaji kuwekwa kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, na kila mfamasia wa wilaya anakumbuka ilivyokuwa kazi.

Ustadi wa kutengeneza chembe hizi, hata hivyo, umeanza kukaa barani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilichagua Afrigen ya Cape Town kuwa kitovu cha kuhamishia teknolojia ya RNA mjumbe, na Februari 2022 Kenya ikatajwa kati ya nchi sita za kwanza za Afrika zitakazopokea ujuzi huo. Lengo lililotangazwa ni chanjo. Ila mfereji mwembamba unaochanganya ethanoli na maji hautofautishi RNA ya chanjo na RNA ya Cas9, na fundi aliyejifunza kupima ukubwa, usafi na asidi ya chembe moja anaweza kuipima nyingine. Kinachohitajika zaidi ni ufuatiliaji: kwa tiba za kuhariri jeni, mamlaka ya dawa ya Marekani hushauri wagonjwa wafuatiliwe hadi miaka 15. Kazi hiyo haianzi kwa mashine ya bei kubwa. Huanzia kwenye daftari la wagonjwa linalotunzwa bila kukatika, na Muhimbili, ambako Julie Makani na wenzake wamewaandikisha wagonjwa wa selimundu tangu 2004 hadi kupita 3,000, tayari wanalo.